Gemu moja, macho na masikio: namna ya kutengeneza bao la kompyuta kwa asiyeona na anayeona

Maelezo haya ni ya mtu anayejua kidogo kutengeneza kurasa za wavuti, HTML na JavaScript za kawaida tu, na anayetaka gemu ambayo asiyeona na anayeona watakaa wafungane bila mmoja kumbeba mwenzake. Nitatumia bao, kwa kuwa ndilo ninalolitengeneza, na kwa kuwa ninaye mkaguzi asiye na huruma: mjomba wangu wa Tanga, fundi wa bao tangu ujana, ambaye presha ya macho ilimnyang'anya uoni akiwa mtu mzima. Mjomba hataki kusikia habari za "bao la vipofu". Anataka kumfunga jirani yake yule yule aliyekuwa akimfunga zamani, tena jirani akiwa ametoa macho.

Gemu za kuchezwa kwa masikio peke yake si jambo geni. Mwaka 1997 Mjapani Kenji Eno alitoa gemu ya Sega Saturn inayosikilizwa mwanzo hadi mwisho, bila picha. Siku hizi kuna njia nyingine: sauti zinaingizwa ndani ya gemu zile zile za kila mtu. Street Fighter 6 ya 2023 ina mipangilio ya sauti inayomjulisha mchezaji adui yuko umbali gani, na pigo limekuja juu, katikati au chini. Mwaka huo huo Forza Motorsport ilitoka na sauti za kumwongoza asiyeona aendeshe gari kwenye mashindano yale yale ya wenzake, kazi aliyoshiriki Brandon Cole, mshauri wa Kimarekani ambaye mwenyewe hakuwa akiona. Njia hii ya pili ndiyo tunayoifuata hapa. Wao wana makampuni, sisi tuna kompyuta ya mkononi na bando la wiki.

Hesabu kwanza, ubao baadaye

Ubao una mashimo 32: safu nne za mashimo manane, mbili zako na mbili za mwenzako. Kete ni 64. Kwa kompyuta hiyo ni orodha ya namba 32, basi. Anza na bao la kujifunza, lenye kete mbili kila shimo, na uliache bao la Kiswahili, lenye nyumba, yaani shimo maalumu la safu ya mbele, ya kete sita na kete 22 za kunamua (kuingiza ubaoni moja moja) kwa kila mchezaji, mpaka hilo la kwanza litembee vizuri. Mjomba anasema bao la kujifunza ni la watoto. Sawa, lakini kwenye programu sote ni watoto.

Sehemu ya programu inayojua kanuni isijue lolote kuhusu picha wala sauti. Unaipa shimo na upande wa kwenda, nayo inakurudishia orodha ya matukio kwa mpangilio: ameinua kete tano mbele la tatu, ameangusha moja mbele la nne, ameangusha moja nyumba, na kuendelea hivyo, amekula nne, ameanzia kichwa cha kulia (shimo la mwisho la mbele upande huo), amelala, yaani zamu yake imekwisha. Orodha hiyo sasa inasomwa na wasomaji wawili, mmoja anachora na mwingine anatoa sauti, wote kwa mwendo mmoja. Kwa utaratibu huu tukio haliwezi kuonekana bila kusikika, maana halina mlango mwingine wa kupitia. Wengi huchora kwanza, gemu ikikamilika ndipo wanatafuta pa kupachika sauti, na wanakuta nusu ya mambo yamejificha ndani ya michoro inayotembea ambako hakuna pa kushika.

Tena sehemu hii ya kanuni unaweza kuipima kabla hujachora hata shimo moja. Andika jaribio linalocheza maelfu ya michezo kwa kubahatisha, na kila baada ya zamu lijumlishe kete zote. Zisipofika 64, lisimame likuambie. Usilione kuwa ni jambo dogo. Kete ikipotea, anayeona atapiga kelele kwamba gemu yako mbovu. Asiyeona atadhani ni yeye aliyekosea kuhesabu, atanyamaza, na ataendelea kucheza na ubao usio wa kweli. Weka pia kikomo cha kuzunguka, kwa sababu bao lina zamu ambazo kete huzunguka mno, nyingine hazina mwisho kabisa.

Shimo liwe kitufe

Kishawishi cha kwanza ni kuchora ubao wote ndani ya `canvas` moja. Kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, kikifika hapo kinakuta picha isiyo na neno. TalkBack ya Android, VoiceOver ya iPhone na NVDA ya Windows husoma muundo wa ukurasa, rangi haziwahusu. Kwa hiyo kila shimo liwe `button` halisi. Kitufe halisi kinafikiwa kwa Tab, kinabonyezwa kwa Enter, na kisoma skrini kinakitaja kuwa ni kitufe bila wewe kuhangaika. Urembo wote, rangi ya mvule, vivuli, kete za kijivu, uvike juu ya kitufe hicho hicho kwa CSS. Anayeona hatagundua.

Ukitumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, toleo la 4.5 lililotoka 2025 limeanza kuongea na visoma skrini kupitia AccessKit, ingawa bado ni la majaribio. Unity, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina moduli yake. Mimi kwa gemu za ubao sioni sababu ya kubeba mizigo hiyo. Ukurasa wa wavuti hauhitaji kusakinishwa, na mtu akitumiwa kiungo kwa WhatsApp anafungua anacheza.

Sasa ukubwa. Mwongozo wa Android unataka kitu cha kuguswa kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini). Mashimo manane mara 48 ni 384, na simu nyingi zikiwa wima zina upana wa dp 360 hivi. Haiingii. Laza simu. Mtumiaji wa TalkBack anaweza kupapasa skrini kwa kidole kimoja, ikimtajia kila anachopita juu yake, na mashimo yakikaa pale pale yanapokaa kwenye ubao wa mbao, kidole kinakumbuka chenyewe. Mjomba aliwahi kupewa bao la simu lililopanga mashimo juu hadi chini kama daftari la wapiga kura. Alimrudishia mwenye simu bila neno.

Ndani ya HTML, panga hivi: mbele yako, nyuma yako, mbele ya mwenzako, nyuma ya mwenzako. Kila safu itanguliwe na kichwa cha habari, `h2`, ili mtu aruke safu hadi safu badala ya kupita shimo moja moja. Anayeona havihitaji vichwa hivyo, vifiche, lakini usitumie `display: none`, kwa kuwa hiyo inavificha hata kwa kisoma skrini. Tumia mtindo unaokisukuma kitu nje ya macho tu.

Maneno ya kila shimo

Jina la kitufe, lile la `aria-label`, lianze na kile kinachobadilika. "Tano, mbele la tatu" linatosha. "Shimo la tatu katika safu ya mbele ya mchezaji wa kwanza, lina kete tano" ni hotuba. Anayesikiliza hakai kusubiri nukta: akipata namba aliyoitaka anasonga mbele, na sentensi inakatika. TalkBack ya mjomba inakwenda kasi ambayo kwangu ni kelele tupu, na hata kwa kasi hiyo hana subira na neno la ziada. Usirudie "shimo", usirudie "kitufe", usimtakie kila la heri.

Shimo lenye jina liitwe kwa jina. Nyumba ni nyumba, kichwa ni kichwa, kimbi, shimo linalofuata kichwa, ni kimbi. Shimo lisilo na kitu liitwe "tupu", maana "sifuri" ni refu na haliko kwenye mdomo wa mcheza bao.

Juu kabisa ya ukurasa weka `lang="sw"`. Usipoweka, kisoma skrini kinaweza kusoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na "kete" ikatoka kama "kiit". Sauti ya Kiswahili ipo kwenye huduma ya Google ya kusoma maandishi, na ipo pia kwenye eSpeak NG inayokuja ndani ya NVDA. Ukishatangaza lugha, jihadhari na tarakimu. Kete zinasamehe: kete 2 itasomwa "kete mbili", vizuri. Lakini ukiandika "mashimo 2", sauti itasema "mashimo mbili", na mchezaji wako wa pwani atacheka mpaka asahau zamu. Tengeneza orodha ndogo ya maneno, mawili, matatu, manne, matano, sita, saba, manane, na programu ichukue humo.

Matangazo ya mchezo, kama "Zamu yako", yaandike ndani ya eneo lenye `aria-live="polite"`. Eneo hilo liwepo tangu ukurasa unafunguka, likiwa tupu, ndipo uliandikie baadaye. Ukiliumba papo hapo likiwa na maneno tayari, visoma skrini vingine havilitaji. Na kuna vinavyokataa kurudia maneno yaliyo sawa na yaliyopita, kwa hiyo weka maeneo mawili, andika kwa kupokezana, ukijaza moja futa jingine. `assertive`, inayokatiza kila kinachosomwa, iache kwa jambo moja tu: mchezo umekwisha.

Jambo la kuliepuka ni gemu inayosema kwa sauti yake yenyewe juu ya sauti ya mtu. Anayetumia kisoma skrini ameshachagua sauti, kasi na kina anachokipenda. Ukimwongezea msemaji wako, watasema wote wawili kwa pamoja. Sauti ya kivinjari, ile ya `speechSynthesis`, iweke kama chaguo kwa wenye uoni hafifu wasiotumia kisoma skrini, na iwe imezimwa mpaka mtu aiwashe.

Sauti za kete

Hapa usiwe bahili wa muda. Usichukue sauti za kete kutoka mtandaoni. Mjomba alisikilizishwa moja akauliza, "Hizo ni komwe au changarawe?" Tafuta ubao wa kweli na komwe za kweli, zile mbegu zinazotumika kama kete, ingia chumba chenye godoro na nguo nyingi, zima feni, weka simu jirani na ubao bila kuugusa, na usubiri bodaboda ipite.

Rekodi aina tatu za mwanguko. Komwe ikiangukia shimo tupu inagonga mbao, inatoa "ko" moja kavu. Ikiangukia juu ya moja au mbili inagonga na kuteleza. Ikiangukia shimo lililojaa inatoa "che" laini, mbao haisikiki kabisa. Hii tofauti ndiyo sauti muhimu kuliko zote kwenye gemu yako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mtu amelala, zamu imekwisha. Ikikuta wenzake, mchezo unaendelea: ama anakula, ama anainua zote na kwenda tena. Waliokaa barazani miaka mingi wanajua kulala kwa sikio kabla mkono haujaondoka ubaoni, wakiwemo wanaoona. Basi programu ichague sauti kwa kuangalia idadi ya kete zilizomo shimoni wakati huo, na kwa kila aina uwe na rekodi nne au tano tofauti zinazochaguliwa kwa kubahatisha. Rekodi moja ikirudiwa mara ishirini inageuka cherehani.

Rekodi pia mkono unaokomba shimo. Hiyo ndiyo sauti ya kula. Ikiwa amekula nyingi, ukombaji uwe mrefu.

Kisha mahali. Web Audio ina `StereoPannerNode` inayopeleka sauti kushoto au kulia, kuanzia -1 hadi 1. Shimo la kwanza lipe -0.9, la nane 0.9, yaliyo katikati ugawe sawa. Safu ya nyuma ishushe sauti iwe nzito kidogo kwa kupunguza kasi ya rekodi, mimi naiweka 0.85. Upande wa mwenzako upitishe kwenye kichujio cha kuondoa sauti nyembamba na uupunguze nguvu, usikike kama uko ng'ambo ya ubao.

Lakini usiweke imani yote kwenye kushoto na kulia. Simu nyingi za bei nafuu zina spika moja. Asiyeona akiwa barazani au njiani hataki kuziba masikio yote mawili, maana ndiyo yanayomwambia nani kafika na gari linatoka wapi. Na wapo wanaosikia kwa sikio moja. Kila kinachosemwa kwa upande kisemwe pia kwa njia nyingine: mimi napandisha sauti hatua ndogo kwa kila shimo kuelekea kulia. Kete zikienda kulia zinapanda, zikirudi zinashuka, hata kwenye spika moja iliyopasuka.

Mwendo: milisekunde 300 kati ya kete na kete ni mahali pazuri pa kuanzia. Ruhusu 120 hadi 600. Kitufe cha nafasi kimalize zamu haraka kwa aliyeshaelewa inakokwenda.

Ukurasa wa wavuti hauna njia ya kujua kisoma skrini kinaongea au kimenyamaza. Ndiyo maana usitangaze kete moja moja kwa maneno wakati zinaanguka. Acha zianguke zote, kaa kimya nusu sekunde, kisha toa sentensi moja: "Amekula kumi na moja. Amelala nyuma la pili." Mwenye kutaka undani auombe mwenyewe, kwa herufi nitakazozitaja hapa chini.

Mengine ya haraka. Vivinjari havitoi sauti mpaka mtu aguse kitu, kwa hiyo fungua `AudioContext` ndani ya kitufe cha "Anza mchezo". Muziki uzimwe tangu mwanzo. Weka ukurasa wa "Jifunze sauti" wenye orodha ya sauti zote na majina yake, mtu azisikilize kabla hajafungwa mara ya kwanza. Na kama siku moja utahama kwenye bao uende kwenye gemu za mbio au ngumi, kumbuka kwamba hedifoni za Bluetooth zinachelewesha sauti, na anayesikia kwa kuchelewa anapigwa kwa kuchelewa.

Vidole kwenye kibodi

Kibodi ya kompyuta imebeba bao bila kujua. Herufi Q W E R T Y U I ni nane: hizo mashimo ya mbele. Chini yake A S D F G H J K ni nane: hizo mashimo ya nyuma. F na J zina vinundu vya kugusa, kwa hiyo kidole kinajua la nne na la saba nyuma bila kuuliza mtu. Nyumba, shimo la tano la mbele ukihesabu kutoka kushoto kwako, inaangukia T. Bonyeza herufi usikie shimo, kisha mshale wa kushoto au wa kulia kupeleka kete upande huo. Mstari wa chini kabisa uwe wa maswali: Z kurudia zamu iliyopita polepole, X kusoma safu yako ya mbele, C ya nyuma, V mbele ya mwenzako, B nyuma yake. Ukifika kwenye bao la Kiswahili, M iseme kete zilizobaki za kunamua.

Mambo mawili ya kiufundi yatakukwamisha usipoyajua. NVDA ikiwa katika hali ya kusoma ukurasa inazikamata herufi zote kwa kazi zake, hazifiki kwenye gemu. Weka `role="application"` kwenye kisanduku cha ubao peke yake, usiweke kwenye ukurasa mzima, la sivyo maelezo yako hayatasomeka kwa raha. La pili, soma `event.code`, usisome `event.key`. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wengi wana kibodi za Kifaransa, ambako A imekaa mahali pa Q. `event.code` inaangalia mahali kitufe kilipo, kwa hiyo mashimo yanabaki chini ya vidole vile vile.

Kwa watu wawili mezani, kompyuta moja inatosha na inapendeza: asiyeona ana kibodi, anayeona ana kipanya, sauti inatoka kwa spika wote wanaisikia. Simu moja inasumbua. TalkBack ikiwashwa, mguso mmoja unachagua tu na lazima uguse mara mbili ndipo kitu kitendeke, kwa hiyo anayeona anagonga shimo, hakuna kitu, anagonga tena kwa hasira, kete zinakwenda asikotaka. Kuna njia ya mkato ya kuzima na kuwasha TalkBack kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa muda, ila hakuna atakayefanya hivyo kila zamu. Kila mtu ashike simu yake, waunganishwe kwa namba ya tarakimu nne inayoweza kutamkwa kwa mdomo. Usitumie msimbo wa QR peke yake, huo nao ni picha.

Nani anajua nini

Gemu ya haki ni ile ambayo habari zinawafikia wote wawili kwa kipimo kimoja, na hapa lazima uamue mambo kwa akili yako. Asiyeona anaambiwa "kumi na tatu". Anayeona anaona rundo. Nani amependelewa? Mimi naandika namba juu ya kila shimo, kubwa, kila mtu ajue.

Kanuni inasema mwenye mtaji, yaani nafasi ya kula, lazima ale. Mtu akichagua shimo lisilokula wakati kuna linalokula, gemu imjibu, "Una mtaji kwingine," iishie hapo. Isimtajie ni wapi, wala isiwashe mwanga kwenye shimo hilo kwa anayeona. Kutafuta mtaji ndio mchezo wenyewe.

Saa ni mtego. Anayeona anautazama ubao mara moja akaupata wote. Kusikiliza mashimo 32 kunachukua muda hata kwa kasi ya mjomba. Ukitaka saa, iwe ndefu, na isihesabu wakati ubao unasomwa. Mwendo wa kete nao huwagombanisha, maana anayeona anataka upesi na anayesikiliza anataka atulie. Kanuni yangu: kila mmoja anachagua mwendo wake kabla ya mchezo, na unafuatwa ule wa polepole.

Wanaocheza kwa mbali wasijuane nani haoni. Usiweke alama yoyote kwenye jina la mtu. Akitaka kusema atasema, ikiwezekana baada ya kukufunga.

Kumbuka pia wengi wanaoitwa wasioona huona kidogo. Maandishi yawe na tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 dhidi ya usuli wake, kingo za mashimo angalau 3 kwa 1, na pande mbili za ubao zisitofautishwe kwa nyekundu na kijani peke yake. Mwenye kukuza skrini anaona mashimo machache kwa wakati, kwa hiyo tangazo la zamu likae karibu na shimo lililochezwa, lisiende pembeni.

Kujaribu

NVDA haina malipo, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, na wote wawili hawaoni. TalkBack iko kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, kisha Ufikivu. Funika skrini kwa khanga na ucheze mchezo mzima mpaka mtu afungwe. Ukicheza zamu mbili tatu ukafunua, hujajaribu.

Baada ya hapo nenda kwa wenyewe. Kenya Society for the Blind na Chama cha Wasioona Tanzania ni pa kuanzia kama humjui mtu. Tafuta angalau mmoja aliyepoteza uoni ukubwani na mmoja aliyezaliwa haoni. Mjomba anauona ubao kichwani kama alivyouona ujanani, ukimwambia "mbele ya kichwa chako" anajua. Aliyejifunza bao kwa kugusa tangu mwanzo anaweza kuwa na ramani nyingine kabisa, ya vidole, na maneno yaliyomtosha mjomba yakampoteza yeye. Walipe kama unavyomlipa fundi yeyote. Usiwashike mkono, usiseme "bonyeza hapo". Akinyamaza muda mrefu usijue kama anawaza au amepotea, na ukimuuliza papo hapo utamharibia vyote viwili. Andika ni zamu ya ngapi, uulize mwisho.

Maelezo ya namna ya kucheza yaandike kwa maandishi, herufi zote za kibodi zikiwa kwenye jedwali halisi la HTML. Video ya kuonyesha iongezee tu. Na ukitoa toleo jipya usihamishe herufi. Anayeona akikuta kitufe kimehama anakitafuta kwa macho, asiyeona anaanza upya.

Mimi sasa nimekwama kwenye dai jipya la mjomba. Anasema bao langu ni kimya mno, kwamba watu wanacheza bao kwa mdomo kama wanavyocheza kwa mkono, na jirani asiposikika akilalamika kufungwa hakuna utamu. Kwa hiyo najaribu kuunganisha sauti za wachezaji kwa WebRTC wakiwa mbali, na tatizo ni kejeli kufunika kete. Kwa sasa maikrofoni zinashushwa hadi robo wakati kete zinaanguka na kupandishwa mtu akilala. Jirani analalamika kwamba anakatizwa katikati ya matusi.